Kuona Kisichokuwapo: Utambuzi wa Kasoro Adimu za Kuzaliwa katika Viungo vya Ndani vya Farasi

Kasoro ya kuzaliwa ni hitilafu ya umbo au ya utendaji ambayo mnyama huja nayo duniani, iwe chanzo chake ni urithi kutoka kwa wazazi, au ajali iliyokipata kijusi kikiwa bado tumboni, au jambo jingine ambalo halikuacha alama ya kufuatiliwa. Katika farasi, ambaye hubeba mimba kwa takriban siku 340 na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu, kasoro hizi ni za namna mbili machoni pa mtazamaji: zipo zinazojitangaza zenyewe, kama mguu uliokunjamana au taya lililopinda, na zipo ambazo ngozi imezifunika, kama ukuta wa moyo ulioachwa na tundu au utumbo ulioishia njiani. Mhadhara huu unahusu namna ya pili. Hoja yake ni kwamba kasoro nyingi za viungo vya ndani si kitu kilichozidi bali ni kitu kilichokosekana, na kwamba kilichokosekana hakionwi kwa wingi wa mitambo, bali huonwa na yule ajuaye barabara kilichopaswa kuwapo, mahali pake na kwa saa yake.

Uadimu wa kasoro hizi ni wa kweli, lakini umetiwa chumvi na namna zinavyohesabiwa. Uchunguzi mashuhuri uliochapishwa mwaka 1985 kutoka Kentucky, jimbo la Marekani lenye mashamba mengi ya farasi wa mbio, ulikusanya vijusi na watoto wa farasi 608 wenye kasoro, na kundi kubwa kupita yote lilikuwa la miguu iliyokazana na kukunjamana, huku kasoro za moyo zikiwa sehemu ndogo tu. Takwimu hizo zina thamani kubwa, ila zapasa kusomwa kwa hadhari, kwa sababu kinachofikishwa maabara ni kile ambacho mwenye shamba amekiona na kukitilia shaka. Mtoto aliyekufa usiku wa pili akiwa na umbo kamili huzikwa asubuhi, na kasoro yake huzikwa pamoja naye bila kuingia katika hesabu ya mtu yeyote.

Farasi ni mnyama wa kukimbia, na mtoto wake huzaliwa akiwa karibu kuwa tayari kwa mbio. Kiswahili hakina jina moja lililoenea la mtoto huyu. Hapa ataitwa mwanafarasi, kwa kufuata mfano wa mwanapunda. Mwanafarasi mzima husimama ndani ya saa moja, hunyonya ndani ya saa mbili, na kondo la nyuma la mama yake hutoka ndani ya saa tatu. Katika siku ya kwanza hutoa kinyesi cha kwanza, kile cheusi chenye kunata kilichojikusanya utumboni kabla ya kuzaliwa; hukojoa kwa mara ya kwanza takriban saa 6 baada ya kuzaliwa akiwa dume, na karibu saa 10 au 11 akiwa jike. Ratiba hii, ambayo mtunza farasi mzoefu huijua bila kuiandika, ndiyo chombo cha kwanza cha utambuzi, na hakuna aibu kusema kwamba hadi leo hakijapatikana cha kukishinda.

Ugumu ni kwamba kasoro adimu hazina dalili za peke yake. Mwanafarasi mnyonge asiyenyonya, katika visa vingi, ana bakteria waliosambaa katika damu, au alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au hakupata dang'a ya kutosha, yaani yale maziwa ya kwanza yanayobeba kinga ya mama. Kwa hiyo daktari wa mifugo anayeanza na maradhi ya kawaida hakosei hata kidogo. Kosa huja baadaye, pale ugonjwa wa kawaida unapokataa kwenda kwa mwendo wake wa kawaida na daktari akaendelea kuuita kwa jina lilelile.

Moyo ndio kiungo kinachofundisha jambo hili vizuri kuliko vingine. Una vyumba vinne: viwili vya juu vinavyopokea damu, viitwavyo atiria, na viwili vya chini vinavyoisukuma, viitwavyo ventrikali. Ventrikali mbili hutenganishwa na ukuta ambao hujengeka mapema katika mimba, na ukuta huo usipokamilika hubaki tundu, ambalo ndilo kasoro ya moyo ya kuzaliwa inayopatikana zaidi katika farasi, hasa farasi wa Kiarabu, wa mbegu ya Standardbred na farasi wadogo wa milima ya Wales. Tundu hilo aghalabu huwa sehemu ya juu ya ukuta, chini kidogo ya vali ya aota, mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini. Kwa kuwa ventrikali ya kushoto ina shinikizo kubwa kuliko ya kulia, damu iliyokwisha kupata hewa hupenya kwenda kulia na kurudi tena mapafuni, safari isiyo na faida inayouchosha moyo.

Daktari huanza kuligundua kwa sikio. Stethoskopu, chombo ambacho René Laennec alikibuni mjini Paris mwaka 1816 kwa ajili ya wagonjwa wa kibinadamu, ikiwekwa upande wa kulia wa kifua cha farasi mwenye tundu hilo, husikika mvumo mkali unaojaza muda wote wa moyo kujikaza, na mara nyingi upo mwingine upande wa kushoto, juu zaidi, unaotokana na damu ya ziada inayojisukuma kuingia katika mshipa wa mapafu. Wanafunzi hustaajabu wanapoelezwa kwamba tundu dogo ndilo lenye kelele na kubwa laweza kuwa kimya, ilhali jambo hilo liko wazi: mluzi hutoka katika midomo iliyobanwa, si katika kinywa kilichoachama. Kwa hiyo ukali wa mvumo si kipimo cha hatari, na daktari anayemhukumu farasi kwa masikio peke yake aweza kumwangamiza aliye mzima na kumsifu mgonjwa.

Tena, si kila mvumo ni kasoro. Kijusi hakipumui, hivyo kina mshipa mfupi unaounganisha mshipa wa mapafu na aota ili damu iyapite mapafu kando. Mshipa huo hujifunga baada ya kuzaliwa, lakini haujifungi papo hapo, na mvumo wake husikika kwa wanafarasi wazima wengi katika siku tatu au nne za kwanza. Kilicho cha kawaida siku ya pili huwa cha kutiliwa shaka siku ya kumi. Hapa kalenda ina uzito uleule wa stethoskopu.

Baada ya sikio huja ultrasaundi, yaani picha zinazochorwa na mwangwi wa mawimbi ya sauti ambayo binadamu hawezi kuyasikia. Mtambo huo humwezesha daktari kulipima tundu lenyewe na kasi ya damu inayolipenya. Kwa farasi mkubwa, tundu lisilofikia sentimita 2.5, ambalo damu hupita ndani yake kwa kasi inayozidi mita 4.5 kwa sekunde, huhesabiwa kuwa dogo, na mnyama aweza kufanya kazi na hata kushindana. Kwa mwanafarasi na kwa farasi wa mbegu ndogo, vipimo hivyo havifai, na badala yake upana wa tundu hulinganishwa na upana wa shina la aota, ambapo theluthi moja ndiyo mpaka wa kuanza kuhofia. Kasi kubwa ni habari njema kwa sababu inayoeleweka kwa hesabu fupi: tofauti ya shinikizo kati ya vyumba viwili, kwa milimita za zebaki, ni takriban mara nne ya kasi iliyozidishwa kwa kasi yenyewe, hivyo mita 4.5 hutoa tofauti ya milimita 81, kumaanisha kwamba ukuta bado unafanya kazi ya ukuta. Kasi ikishuka, pande mbili zimeanza kuwa chumba kimoja.

Ziko kasoro ngumu zaidi, na mojawapo inaitwa kwa jina la Étienne-Louis Fallot, tabibu wa Marseille aliyeieleza kwa binadamu mwaka 1888. Ndani yake yamo mambo manne kwa pamoja: tundu katika ukuta, njia ya mapafu iliyobanwa, aota iliyokaa juu ya tundu kana kwamba imepanda farasi wawili, na ventrikali ya kulia iliyonenepa kwa kusukuma kizuizi. Damu isiyo na hewa huvuka kwenda mwilini, ufizi hugeuka rangi ya samawati, na mwanafarasi hubaki mdogo na mwenye kuchoka upesi. Kumtofautisha na mwenye kichomi kuna njia isiyo ya gharama kubwa: mnyama hupewa hewa safi ya oksijeni puani, na damu ya ateri hupimwa kabla na baada; mapafu yenye ugonjwa kwa kawaida huonyesha nafuu fulani, lakini damu isiyopita mapafuni haiwezi kunufaika na hewa iliyomo humo. Njia nyingine ni kutikisa maji ya chumvi hadi yatoe viputo vidogo, kuyadunga mshipani, na kutazama kwa ultrasaundi viputo vinatokea wapi. Mapafu huvichuja viputo vyote. Kikionekana hata kimoja upande wa kushoto wa moyo, kimepita mlango usiopaswa kuwapo.

Utumbo hutoa somo la namna nyingine. Msokoto wa tumbo kwa mwanafarasi wa siku moja husababishwa zaidi na kinyesi cha kwanza kilichokwama, hasa kwa madume, ambao nyonga yao ni nyembamba, na dawa yake ni kumpiga bomba la maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini. Yupo hata hivyo mwanafarasi ambaye utumbo wake mpana umekatika kabla ya kuzaliwa, aghalabu, kama inavyodhaniwa, kwa sababu kipande cha utumbo kilikosa damu kikiwa kinaumbika, kikanyauka na kutoweka. Njia ya haja kubwa ipo, mnyama anaonekana kamili, naye ananyonya kwa saa za mwanzo kisha tumbo linajaa kama ngoma. Alama inayomfichua ni ndogo sana: maji ya bomba hurudi safi, yakiwa na ute tu, bila hata doa la weusi. Kinyesi kilichokwama huacha rangi. Kinyesi ambacho hakikupata kufika hakiachi chochote. Picha ya eksirei inayopigwa baada ya kupitisha kwa njia ya nyuma bariamu, dawa nyeupe inayozuia miali, huonyesha mfereji ulioishia ukutani. Upasuaji umejaribiwa, lakini waliopona ni wachache, na utambuzi wa mapema hapa una faida ya kumpunguzia mnyama mateso zaidi kuliko ya kumwokoa.

Kasoro inayostaajabisha kupita zote katika tumbo la farasi ni ile ambayo utumbo upo wote, kwa urefu wake na umbo lake, na bado haufanyi kazi. Hutokea kwa wanafarasi wanaozaliwa weupe kabisa, au karibu kabisa, kutokana na wazazi wa madoa wa aina iitwayo overo, maarufu miongoni mwa farasi wa Marekani waitwao Paint. Chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi na chembe za neva zinazouamuru utumbo kujikunja zina asili moja katika kiinitete: zote husafiri kutoka ukingo wa mfereji wa neva, huko mgongoni, kwenda mahali pake pa kazi. Mwaka 1998 wanasayansi walitambua badiliko katika jeni iitwayo EDNRB ambalo mnyama akilipata kwa mzazi mmoja kwa kawaida humpa madoa, na akilipata kwa wazazi wote wawili huzizuia chembe hizo kufika. Ngozi hukosa rangi, sehemu ya mwisho ya utumbo hukosa neva, na mwanafarasi hufa kwa msokoto ndani ya siku chache. Madaktari wa watoto wa kibinadamu wana ugonjwa wa jamii hiyo, unaoitwa kwa jina la Harald Hirschsprung wa Denmark, ila kwa mtoto sehemu isiyo na neva huwa fupi mara nyingi na hukatwa, na kwa mwanafarasi huwa ndefu mno.

Mchunguzi wa mzoga aliyefungua tumbo la mnyama huyu kwa kisu na macho matupu ataandika kwamba hakuona kitu, na kwa maana fulani atakuwa amesema kweli: kinachokosekana hujulikana kwa hadubini tu. Lakini yafaa kuonya upande wa pili pia. Weupe si hukumu ya kifo. Wako farasi wanaozaliwa weupe au wa rangi ya maziwa kwa jeni nyingine zisizo na dhara lolote, na wako wanaobeba jeni ya overo bila madoa ya kuonekana, kiasi kwamba ngozi huwadanganya hata wafugaji mahodari. Kipimo cha vinasaba ndicho kinachokata neno, na kinapaswa kufanywa kwa wazazi kabla ya kupandishwa, kwa kuwa wabebaji wawili wakikutanishwa, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuzaa mtoto wa kufa.

Si kila kinachokosekana ni kasoro, na ini ni ushahidi. Farasi hana mfuko wa nyongo; nyongo yake hutiririka mfululizo kwenda utumboni, na mwanafunzi aliyezoea ng'ombe akiukosa mfuko huo hapaswi kushtuka. Umbile hilo hata humrahisishia daktari kazi, kwani asidi za nyongo katika damu, zinazopimwa ili kujua utendaji wa ini, kwa mbwa hupimwa kabla na baada ya kula, ilhali kwa farasi kipimo kimoja chatosha. Kasoro ya ini inayohitaji kipimo hicho ni mshipa wa mkato, yaani mshipa uliobaki ukichukua damu kutoka utumboni na kuipeleka kwenye mzunguko mkuu bila kupita katika ini. Mwanafarasi wa namna hii huonekana mzima wakati wa kunyonya, lakini anapoanza kula chakula kigumu, katika umri wa miezi kadhaa, amonia ya utumboni huufikia ubongo bila kuchujwa. Huanza kuzunguka, kugonga vitu kana kwamba ni kipofu, hata kupata kifafa, na dalili huja na kuondoka kiasi cha kuwafanya watu waseme amerogwa au amekula mmea wa sumu. Vimeng'enya vya ini katika damu huwa vya kawaida, jambo linalompotosha daktari mwenye haraka, kwa sababu chembe za ini hazifi. Zimenyimwa kazi tu. Amonia iliyopanda na asidi za nyongo zilizopanda, pamoja na vimeng'enya vilivyotulia, ndiyo sura ya ugonjwa huu, na uthibitisho hupatikana kwa kumlaza mnyama kwa nusukaputi na kudunga dawa ya eksirei katika mshipa wa utumbo ili njia ya damu ionekane.

Kuhusu figo, neno moja latosha. Farasi mwenye figo moja aweza kuishi maisha yake yote bila kujulikana, kwa sababu kreatinini, taka ya misuli inayotolewa na figo, haipandi katika damu hadi takriban robo tatu ya uwezo wa figo zote mbili iwe imepotea. Figo ya kushoto hukaa nyuma ya wengu, na gesi ya utumbo huweza kuifunika mbele ya ultrasaundi, hivyo ripoti inayosema figo haipo, iliyoandikwa baada ya kuchungulia mara moja, inastahili kurudishwa kwa mwandishi wake. Kutoona si sawa na kutokuwapo.

Koo ndilo mahali ambapo kasoro ya kuzaliwa hungoja hadi mnyama apelekwe mazoezini. Farasi anayekoroma akikimbia mara nyingi amepooza upande wa kushoto wa zoloto, kile kisanduku cha sauti kilichoko juu ya njia ya hewa, kwa sababu neva ya upande huo ni ndefu mno na hudhoofika. Lakini kuna wachache, wengi wao wa mbegu ya Thoroughbred, ambao gegedu na misuli inayotokana na tao la nne la koo la kiinitete haikuumbika kikamilifu, na hao hudhurika zaidi upande wa kulia. Endoskopu, mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa puani, huonyesha upande wa kulia usiosogea vizuri, na mara nyingine utando wa nyuma ya koromeo uliojitokeza mbele kama pazia. Eksirei huonyesha hewa katika umio, ambao mdomo wake wa juu hauna msuli wa kuufunga, ndiyo maana baadhi yao hucheua hewa. Hata hivyo kidole huweza kuitangulia mitambo yote: anayepapasa zoloto kwa nje hukuta mwanya kati ya gegedu mbili ambazo kwa farasi wengine zimeshikana. Anayepuuza kupapasa aweza kumpeleka mnyama kwenye upasuaji wa kuvuta na kufunga gegedu kwa uzi, upasuaji ambao hauwezi kushika kwa sababu msingi wa kuufungia haupo.

Kasoro hizi zinapomshinda daktari, thamani ya utambuzi humhamia mama, baba na ndugu. Mfano ulio karibu na wasemaji wa Kiswahili walioko Omani na Ghuba, ambako farasi wa Kiarabu ni fahari ya nyumba nyingi, ni ule upungufu mkubwa wa kinga ambamo mwanafarasi huzaliwa akiwa na tezi ya thaimasi, kiungo cha kifuani kinachokomaza chembe za kinga, iliyodumaa kiasi cha kutoonekana. Dang'a humlinda kwa wiki kadhaa, kisha maambukizi humwandama, na kwa kawaida hafiki miezi mitano. Tangu mwaka 1997 badiliko la jeni linalosababisha hali hiyo linajulikana, na mbebaji anaweza kutambuliwa kabla hajapandishwa. Mzoga wa mwanafarasi uliozikwa bila kufunguliwa kifua hauwezi kumwonya mwenye dume.

Katika Afrika Mashariki farasi ni wachache, kwani mbung'o na ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi viliwafanya wasistawi nje ya maeneo machache kama nyanda za juu za Kenya. Punda, ambao viungo vyao vimepangwa kwa namna ileile, ni wengi zaidi na huchunguzwa kidogo zaidi. Vyuo vyenye mafunzo ya udaktari wa mifugo vipo Kabete, Morogoro na Makerere, na kufungua mzoga hakuhitaji mtambo wa bei: huhitaji kisu, formalini ya asilimia 10 iliyo mara kumi ya ujazo wa kipande kinachohifadhiwa, na mtu anayeandika alichokiona pamoja na alichokitafuta akakikosa. Wenye farasi na punda wanaombwa wasimzike mtoto aliyekufa katika mwezi wake wa kwanza kabla ya kuitwa daktari, na wachukue nywele zake za shingoni hata kama daktari yuko mbali. Nywele 20 hadi 30 zilizong'olewa pamoja na mizizi yake, si zilizokatwa kwa mkasi, zinatosha kwa kipimo cha jeni, na bahasha ya karatasi huzihifadhi bila jokofu.